Kaboni Iliyozikwa: Nani Atajibu Baada ya Miaka 50?

Leo tunaongea sheria. Ndiyo, sheria, wala si simu mpya wala lugha mpya ya programu. Msinikimbie lakini, maana mbele huko tutafika kwenye faili na hifadhidata, na ni kazi ya programu iliyonisukuma kwenye mambo haya.

Mwaka jana nilipata kandarasi ndogo kutoka kwa washauri fulani walio Ulaya. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Vipimo vya presha na joto vinatoka kisimani kila baada ya dakika chache, programu inavipokea, inavikagua, inavitia kwenye hifadhidata, na mhandisi akiamka asubuhi anaviona kwenye grafu. Kazi kama hiyo nimewahi kuifanya kwa mita za maji na kwa malori. Ila katika orodha ya mahitaji palikuwa na mstari mmoja ambao niliusoma mara tatu: takwimu zote ziweze kusomeka kwa muda usiopungua miaka 50.

Miaka 50! Mimi sijafika 30. Nikawaandikia kuuliza kama hiyo sifuri iliingia kwa bahati mbaya. Jibu likaja fupi: hapana, mteja wao yuko Marekani, kisima ni cha kuhifadhi kaboni ardhini, na huko kazi ya kuchunguza kisima haiishi siku pampu zinapozimwa. Basi nikaanza kusoma sheria zenyewe, usiku baada ya usiku, na ninachoandika hapa ndicho nilichokipata.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachozikwa. Kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa puani na inayotoka kwenye ekzosi ya matatu, ndiyo inayonasa joto la dunia. Viwanda vya saruji, vya mbolea na mitambo ya kusafisha gesi huitoa kwa wingi. Badala ya kuiachia ipae, unaweza kuinasa, kuibana na kuisukuma ardhini zaidi ya mita 800. Kwa nini 800? Kwa sababu kina hicho kwa kawaida kina presha inayopita bar 74 na joto linalopita nyuzi 31, na hapo kaboni inabadilika tabia: inakuwa nzito karibu kama majimaji, lakini inapenya kama hewa. Inachukua nafasi ndogo sana kuliko huku juu.

Wengi hudhani kuna pango kubwa huko chini. Hakuna. Kaboni inaingia kwenye vitundu vidogo vidogo vya mwamba wa mchanga, vitundu ambavyo tayari vina maji ya chumvi, na juu yake pana mwamba mwingine usiopitisha kitu, unaofanya kazi ya kifuniko cha sufuria. Miaka inavyokwenda, sehemu ya kaboni inanasa kwenye vitundu hivyo, sehemu inayeyuka kwenye maji ya chumvi (na maji yaliyoyeyusha kaboni ni mazito zaidi, kwa hiyo yanazama), na sehemu nyingine polepole inageuka madini.

Wanorway walianza mwaka 1996 mahali panapoitwa Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Gesi asilia waliyokuwa wakiivuna ilikuwa na kaboni nyingi kuliko inavyokubalika sokoni, na serikali yao ilikuwa imeweka kodi ya kaboni tangu 1991. Statoil, ambayo siku hizi inaitwa Equinor, ikapiga hesabu ikaona ni nafuu kuirudisha kaboni chini ya bahari kuliko kuilipia kodi. Kwa miaka mingi wakawa wanasukuma karibu tani milioni 1 kila mwaka. (Kodi hapa ni ushuru jamani, si ile "kodi" tunayoandika sisi usiku kucha :-))

Mwaka 2005 jopo la wanasayansi la IPCC lilitoa ripoti maalumu juu ya jambo hili. Walisema kwamba katika eneo lililochaguliwa vizuri na kusimamiwa vizuri, kuna uwezekano mkubwa zaidi ya asilimia 99 ya kaboni ibaki chini hata baada ya miaka 1,000. Ni habari njema. Lakini soma tena maneno "lililochaguliwa vizuri" na "kusimamiwa vizuri". Ndipo mawakili wanapoingilia.

Kampuni inapata leseni. Inasukuma kaboni kwa miaka 25 au 30. Mkataba unakwisha, pampu zinazimwa, kisima kinazibwa kwa saruji, watu wanakwenda nyumbani. Kaboni iko palepale. Je, ikivuja mwaka wa 60 baada ya hapo, analipa nani?

Usiniambie "kampuni". Kampuni gani? Compaq ilikuwa inauza kompyuta nyingi kuliko kampuni yoyote duniani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 ikamezwa na HP. Sun Microsystems, waliotuletea Java, walinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Sisi tulio katika fani hii tumezoea kuona majina makubwa yakizikwa kabla ya watoto kumaliza shule. Na hata pale kampuni mama inapoishi, si lazima iwe ndiyo yenye leseni. Mara nyingi leseni inashikwa na kampuni tanzu ambayo mfukoni ina leseni hiyo na deni la benki.

Kwa hiyo ukisema dhima ibaki kwa kampuni milele, umesema maneno mazuri yasiyo na mlipaji, na zaidi ya hapo hakuna mwenye bima atakayeandika bima ya milele. Ukisema serikali ichukue dhima siku ileile pampu zinapozimwa, umempa mchimbaji sababu ya kufanya kazi ovyo mwaka wa mwisho. Sheria zote nilizosoma zinahangaika katikati ya hizo mbili. Jina la mahangaiko hayo ni makabidhiano, na makabidhiano mtunga programu yeyote anayajua: ni ile siku unapompa mteja mfumo, nenosiri na nyaraka, na kuanzia hapo simu ya saa nane usiku ni yake.

Umoja wa Ulaya uliandika sheria yake mwaka 2009, Agizo namba 2009/31/EC. Nawasihi mkasome Kifungu cha 18, hata kama hampendi sheria, kwa sababu kimeandikwa kama majaribio ya kukubali kazi. Kampuni ikitaka serikali ipokee dhima, inatakiwa ionyeshe kwamba ushahidi wote uliopo unaelekeza kuwa kaboni itabaki chini kabisa na kwa kudumu. Inaonyeshaje? Kwa mambo matatu: tabia halisi ya kaboni huko chini inalingana na ile iliyotabiriwa na modeli, hakuna uvujaji unaoweza kugunduliwa, na eneo linaelekea kwenye utulivu wa muda mrefu. Pia iwe imepita miaka isiyopungua 20 tangu eneo lifungwe, isipokuwa mamlaka iridhike mapema zaidi. Pia kisima kiwe kimezibwa na mitambo imeondolewa. Halafu kampuni ilipe fedha zinazotosha angalau gharama zinazotarajiwa za uchunguzi kwa miaka 30.

Lile jambo la kwanza ndilo linalonivutia. Modeli ilisema nini, na kipimo kimesema nini? Pale Sleipner, walipopiga picha ya mitetemo mwaka 1999, miaka mitatu tu baada ya kuanza, waliona kaboni imejipanga katika tabaka tisa, chini ya vijitabaka vyembamba vya udongo ambavyo modeli za mwanzo hazikuvionyesha hivyo. Haikuwa imevuja. Ilikuwa imefanya jambo ambalo toleo la kwanza la modeli halikulijua. Je, hapo kampuni imefeli jaribio? Mimi nasema hapana. Toleo la kwanza la modeli yoyote lina makosa. Cha kutazama ni kama pengo kati ya modeli na kipimo linazidi kupungua kila baada ya uchunguzi. Likipungua, unamjua mgonjwa wako. Lisipopungua, hata miaka 20 ikipita, hujui unachokabidhi.

Sehemu nyingine mambo hayakuwa laini hivyo. Snøhvit, hukohuko Norway, walianza kusukuma mwaka 2008, presha ikapanda haraka kuliko walivyotarajia, na mwaka 2011 wakahamia kwenye mwamba mwingine. Huku kwetu Afrika, In Salah katika jangwa la Algeria, walisukuma kuanzia 2004. Satelaiti zikaonyesha ardhi ya juu inainuka milimita chache kila mwaka, juu ya visima hivyo. Ardhi ya jangwa, inainuka, na kilichoiona ni chombo kilicho mamia ya kilomita angani! Mwaka 2011 usukumaji ukasimamishwa kwa wasiwasi juu ya mwamba kifuniko. Hakuna aliyeumia.

Mifano hiyo miwili inaonyesha kitu kinachosahaulika katika mabishano ya dhima. Hatari kubwa iko wakati wa kusukuma, presha ikiwa juu. Pampu zikizimwa presha inaanza kushuka, na kwa kawaida hatari inashuka nayo. Kwa hiyo anayepokea dhima baada ya miaka 20 ya utulivu hapokei bomu. Anapokea hatari ndogo, ila ndogo isiyo na tarehe ya mwisho. Serikali ndiyo pekee inayoishi kiasi hicho, kwa hiyo mwisho wa yote dhima itakuwa ya serikali hata kama sheria haikusema. Ikisema, angalau itasema pia fedha zinatoka wapi.

Na fedha zenyewe hazihesabiki kirahisi. Ulaya, kaboni ikivuja kabla ya makabidhiano, kampuni inatakiwa kurudisha vibali vya utoaji hewa kwa kila tani iliyotoka, kwa bei ya siku ile. Mwaka 2009 agizo lilipopitishwa, kibali cha tani moja kilikuwa kati ya euro 10 na 15. Februari 2023 kilipita euro 100 kwa mara ya kwanza. Tuseme zimevuja tani 10,000: kwa bei ya kwanza unalipa kama euro 130,000, kwa bei ya pili ni milioni 1. Sasa wewe ni mwenye bima, unaambiwa utoe bei ya tukio linaloweza kutokea mwaka 2060. Utaanzia wapi? Hapo ni tabianchi tu. Uharibifu wa mazingira una agizo lake la mwaka 2004, na jirani ambaye kisima chake cha maji kimeharibika anaachiwa sheria za madai za nchi yake.

Ukitoka Ulaya, miaka inabadilika kama nauli ya matatu siku ya mvua. Australia, kwa maeneo ya baharini yaliyo chini ya serikali kuu, waliweka miaka 15 baada ya cheti cha kufunga. Kwa mradi wa Gorgon, katika Kisiwa cha Barrow, serikali kuu na serikali ya jimbo la Western Australia zilikubali kubeba dhima ya baadaye kwa mgao wa asilimia 80 kwa 20. Marekani, wakala wa mazingira EPA alitoa kanuni za visima hivi mwaka 2010 na kuweka miaka 50 ya uchunguzi baada ya kusukuma, isipokuwa mwenye kisima athibitishe muda mfupi zaidi unatosha. Kanuni hizo hazina makabidhiano kwa serikali kuu. Majimbo yakajiandikia. North Dakota iliandika miaka 10 mwaka 2009. Louisiana nayo ilikuwa na miaka 10, halafu mwaka 2023 ikaruka hadi 50. Mwamba haukubadilika Louisiana mwaka 2023. Kilichobadilika ni hasira za wapiga kura, na sisemi vibaya, hasira hizo zilikuwa na msingi.

Sasa tufike nyumbani, kwenye faili.

Kifungu cha 18 cha Ulaya kina mlango wa nyuma ambao mimi nauona ndio roho ya sheria yote. Baada ya makabidhiano, serikali haiwezi kumrudia mchimbaji kumdai gharama, isipokuwa kulikuwa na kosa lake: takwimu zenye upungufu, kuficha habari muhimu, uzembe, udanganyifu wa makusudi, au kutofanya kazi kwa uangalifu unaostahili. Vizuri. Lakini wewe mwaka 2070 utathibitishaje kwamba mwaka 2031 kampuni ilikuwa na kipimo kibaya ikakinyamazia? Unahitaji kile kipimo. Unahitaji kujua kilipimwa na chombo gani, kilirekebishwa lini, na nani alikigusa baadaye. Bila hicho mlango wa nyuma umechorwa ukutani tu.

Kanuni za EPA zenyewe zina jambo lililonishangaza. Nyaraka za kuomba leseni zinatakiwa kutunzwa kwa uhai wote wa mradi na miaka 10 baada ya eneo kufungwa. Lakini vipimo vya uchunguzi wakati wa kusukuma vinatakiwa kutunzwa kwa miaka 10 tangu vilipochukuliwa. Miaka 10! Mkurugenzi ana mamlaka ya kudai zaidi katika baadhi ya mambo, lakini ukiacha hivyo, mtu anaweza kufuta vipimo vya mwaka wa kwanza kabla hata hajazima pampu, bila kuvunja kanuni. Wateja wangu waliomba 50 kwa sababu mwanasheria wao aliona shimo hilo. Mwingine asingeliona.

Na kutunza si kusomeka. Picha za mitetemo ya ardhi huhifadhiwa katika muundo unaoitwa SEG-Y, uliochapishwa mwaka 1975 kwa ajili ya kanda za sumaku. Ukifungua faili la leo la aina hiyo, mwanzoni kuna herufi 3,200 ambazo kwa desturi zimeandikwa kwa EBCDIC, usimbaji wa mashine kubwa za IBM za miaka ya 1960. Wengine wanaucheka muundo huu. Mimi nauvulia kofia: umeishi miaka 50 na bado unasomeka, kwa sababu ulielezwa hadharani na ni rahisi. Linganisha na hifadhidata ya kampuni moja, ya toleo moja, iliyofungwa kwa leseni inayolipiwa kila mwezi.

Kuna saa pia. Vyombo vingi vya visimani ni vikompyuta vidogo vinavyohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa namba ya biti 32. Namba hiyo inafurika Januari 19, 2038, na chombo ambacho hakikurekebishwa kinaweza kujikuta kimerudi mwaka 1901. Kisima kinachoanza leo kitaivuka tarehe hiyo kabla hata hakijafungwa. Fikiria wakili mahakamani akiwa na jedwali la presha linalodai kupimwa mwaka 1901, Kenya ikiwa bado ni himaya ya mwingereza.

Katika ile kandarasi nilichofanya ni hiki. Hifadhidata ipo kwa kazi za kila siku, lakini kila usiku vipimo vinaandikwa pia kwenye faili za maandishi ya kawaida, mstari mmoja kipimo kimoja. Kila faili linabeba maelezo yake lenyewe: kipimo ni cha bar au psi, kilichukuliwa kina gani, saa ni ya ukanda upi, chombo kilihakikiwa lini. (NASA walipoteza chombo kizima kwenye sayari ya Mars mwaka 1999 kwa sababu upande mmoja ulitumia vipimo vya Kiingereza na mwingine vya metriki.) Kila faili lina alama ya hesabu inayotokana na yaliyomo pamoja na alama ya faili la jana, hivyo ukibadilisha kipimo kimoja cha mwaka 2031, alama zote zinazofuata zinakataa. Halafu nikapendekeza nakala ikae kwa mtu wa tatu, asiye mchimbaji. Hili la mwisho halikuwa la kitaalamu, lilikuwa la kisheria, na ndilo lililochukua mikutano mingi zaidi.

Kama unaona nimezidisha wasiwasi, tazama Decatur, Illinois. Hapo Archer Daniels Midland, kampuni ya kusindika mahindi, ina visima vya kaboni vilivyokuwa vya kwanza Marekani kufanya kazi chini ya kanuni zile za 2010. Mwaka 2024 iligundulika kwamba kaboni ilikuwa imepanda hadi tabaka ambalo haikuruhusiwa. Ilipitia wapi? Kwenye kisima cha uchunguzi, ambacho chuma chake kilikuwa kimeliwa na kutu. Kile chombo cha kulinda mfumo ndicho kilichofungua tundu! EPA ilisema maji ya kunywa hayakuguswa, na ikaitaja kampuni kuwa imekiuka kibali. Bila vipimo vilivyotunzwa, mabishano ya nani alijua nini na lini yangekuwa ya neno kwa neno.

Wasomaji wa Afrika mtaniuliza juu ya Ziwa Nyos. Agosti 21, 1986, ziwa hilo la Cameroon lilitoa wingu la kaboni usiku na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Kaboni ni nzito kuliko hewa, ikateremka mabondeni. Ni kweli, na haifai kufichwa. Lakini Nyos ni ziwa juu ya volkano, kaboni ilijilimbikiza kwenye maji bila kifuniko chochote ikatoka kwa mkupuo. Mwamba wa kina cha kilomita moja na kifuniko juu yake hauna njia ya kufanya hivyo. Kitu cha kuogopa zaidi huku juu ni mabomba. Februari 2020 bomba la kaboni lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, na watu 45 wakapelekwa hospitali. Dhima ya bomba ni jambo la siku hiyohiyo, mwenye bomba anajulikana.

Haya yote yanatuhusu nini sisi? Bonde la Ufa lina basalti nyingi, na lina joto la ardhini. Mwaka 2023 kampuni ya Nairobi iitwayo Octavia Carbon, pamoja na wenzao wa Cella, walitangaza mradi wa kunasa kaboni kutoka hewani na kuizika kwenye basalti hiyo. Basalti ni habari tofauti na mchanga wa Sleipner. Iceland, mradi wa Carbfix uliyeyusha kaboni kwenye maji na kuisukuma kwenye basalti mwaka 2012, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha zaidi ya asilimia 95 imegeuka jiwe kabla ya miaka miwili. Jiwe halivuji. Kwa hiyo kunakili miaka 20 ya Ulaya au 50 ya EPA na kuibandika kwetu kungekuwa uvivu. Kwa basalti ningependa sheria idai uthibitisho kwamba kaboni imegeuka jiwe, sampuli na kemia ya maji, halafu muda ufuate uthibitisho. Ikithibitika kwa miaka mitano, mitano. Isipothibitika kwa 40, mchimbaji abaki na mzigo wake.

Tuna sheria za kuanzia. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikatoka 2024. Zimesema mengi juu ya mapato: miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii, baada ya gharama za uendeshaji. Wanasiasa wanaipenda namba hiyo. Mapato huja miaka ya mwanzo, dhima huja mwishoni. Katiba, Ibara ya 62, inaweka madini yote katika ardhi ya umma. Sheria ya Nishati ya 2019 inaipa serikali kuu joto la ardhini. Lakini kitundu kitupu cha mwamba si madini, wala si joto. Kukiwa na kesi, wakili hodari atatafuna neno hilo kwa miaka kumi.

Na tumeshaona kesi za namna hiyo zinavyokwenda. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu ya risasi kwenye mtaa wa watu, kikafungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Ikapingwa, Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kufungwa, na hiyo ni sumu inayopimika kwenye damu ya mtoto, tena kiwanda kilikuwa juu ya ardhi kila mtu akikiona. Kaboni iko chini, haina rangi wala harufu, na watakaoshtaki pengine hawajazaliwa.

Kuna kanuni moja ya EPA ambayo ningeiiba bila aibu. Eneo likifungwa, mwenye kisima lazima aandikishe kwenye hati ya umiliki wa ardhi kwamba chini yake pamezikwa kaboni, na maandishi hayo yakae daima ili kila mnunuzi ayaone. Sisi tuna Ardhisasa tangu 2021. Kuongeza sehemu moja kwenye rekodi ya kipande cha ardhi, "kaboni chini: ndiyo, tani kadhaa, kina kadhaa, vipimo vipo hapa", ni kazi ya siku chache kwa mtunga programu mmoja. Kukubaliana nani anaruhusiwa kuifuta ndiko kutachukua muda.

Maoni ya umma yakiitishwa juu ya kanuni za kuzika kaboni, nitapeleka kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza utakuwa juu ya muundo wa faili, na wa pili juu ya nani anatunza nakala.